Mifano Miwili ya Udongo

Nilikuwa fundi wa maabara chuoni, Mkenya niliyefuata kazi Kampala, na Kiswahili changu kilinipa kiburi kweli kweli. Mwalimu wa kemia niliyemsaidia, Muganda, alikijua kwa kuokoteza tu. Na wanajeshi walioishika nchi hawakutaka lugha nyingine. Basi kila tulipotoka pamoja, mimi ndiye niliyekuwa mdomo wake.

Mchana ule tulikuwa tunakwenda kufundisha kwenye shule moja Kisugu. Nilibeba katoni yenye mifano miwili ya molekuli niliyoitengeneza mwenyewe: donge la udongo katikati, spoku nne za baiskeli zimechomoza, na kwenye ncha ya kila spoku kidonge cha rangi yake, nyekundu, nyeusi, nyeupe na buluu. Mmoja ulikuwa kivuli cha mwenzake kwenye kioo. Mwalimu aliisisitiza tofauti hiyo mpaka akachosha watu. "Ya kulia huenda ikawa dawa, ya kushoto ikawa sumu," alikuwa akisema. "Usiniambie ni sawa."

Hata Wandegeya hatujaimaliza, tukasimamishwa kwenye kizuizi. Askari akaitoa mifano, akazikodolea macho zile spoku.

"Hii na hii ni kitu moja?"

Mwalimu akaninong'oneza kwa Kiingereza: mwambie si kitu kimoja, mwambie ni kama mikono miwili. Nikasema moyoni, loo, huyu atatuponza! Kwa askari, neno "tofauti" huzaa maswali. Nikajibu, "Ni kitu kimoja tu, afande. Vya kuchezea watoto wa shule."

Askari akachuchumaa. Akaulaza mmoja juu ya mwingine. Nyekundu ikapata nyekundu, nyeusi ikapata nyeusi. Nyeupe na buluu zikapishana. Akageuza. Akageuza tena, kwa subira ambayo wanafunzi wetu wengi hawakuwa nayo. Wapi!

"Wewe nadanganya," akaniambia. "Naficha nini? Katoni ni ya nani?"

 Aliyejibu ni mwalimu, kwa Kiswahili chake kibovu.

"Yangu. Mimi nafanya hii. Huyu nabeba tu, hajui kitu."

Wakampakia kwenye gari lao. Mimi nikasukumwa kando, nikaambiwa niondoke.

Hakurudi. Mkewe alinijia maabarani mara tatu kuniuliza askari walitaka nini, na mara zote tatu nilimwambia sikusikia vizuri. Naona haya kuliandika hili, lakini ndivyo nilivyofanya.

Wahenga husema njia ya mwongo ni fupi. Yangu mbona imekuwa ndefu, hadi nimeota mvi? Yule bwana, miaka yote niliyofanya naye kazi, sikumsikia akisema uongo ila siku ile, na aliusema kwa ajili yangu.