Fimbo Aliyoninyoshea Mkwe Wangu

Mkwe wangu anaitwa Wepukhulu, na kwa miaka saba sikuwahi kumtazama usoni. Msinielewe vibaya, hatukugombana. Kwetu Wabukusu, mama mkwe na mume wa binti yake hawapeani mkono, hawali meza moja, na wakikutana njiani mmoja anaingia kando kwenye mahindi mpaka mwenzake apite. Siku hizi wako wanaosalimiana na wakwe zao kama watu waliosoma darasa moja, hata picha wanapiga pamoja. Shauri yao. Mimi Pauline wa Bokoli nililelewa na mama aliyejificha nyuma ya ghala kila mkwe wake alipobisha hodi, na sikuona sababu ya kubadilisha.

Lakini acha niseme ukweli wote. Heshima ilikuwepo, na chini ya heshima palikuwa na dharau. Nasimiyu, binti yangu wa pekee, aliponiambia anaolewa na kijana wa Kitale, niliuliza anafanya kazi gani. Akasema anatembeza wageni msituni.

"Ati anawatembeza?" nikasema. "Kwani hawana miguu?"

Nilisikia pia kwamba ujanani alichoma makaa mlimani, halafu akapata kibarua cha kufyeka njia kwenye msitu mdogo wa makumbusho pale Kitale. Huko ndiko alikojifunza majina ya miti na ndege, akiyaandika kwenye daftari la shule, moja baada ya jingine, mpaka wageni wakaanza kumwulizia yeye. Binti yangu alinieleza hayo yote kwa fahari. Mimi nilisikia neno makaa tu.

Mwaka jana akina mama wa kanisa letu tuliamua kwenda kuona Mto Kuywa unakotoka. Tumeteka maji ya mto huo tangu tukiwa wasichana, tumefulia humo nepi za watoto wetu wote, na hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kupanda mlimani kuona unaanzia wapi. Everlyne, katibu wetu, alipanga safari ya siku moja na kikundi kinachotembeza wageni msituni, juu ya Kapsokwony. Nilimwuliza mara mbili kiongozi ni nani. Akasema ni Kipyegon, Msabaoti wa huko huko. Nikatulia, maana mkwe wangu hufanya kazi upande wa Kitale.

Tulipofika tulikuwa kumi na wanne, na kikundi kile hakikubali idadi hiyo iende na kiongozi mmoja. Wa pili alikuwa ameazimwa kutoka Kitale. Nilimtambua kwa mgongo, kwa sababu mgongo ndio niliozoea kuuona.

Everlyne alicheka mpaka akashika mti. "Mama Nasimiyu, leo utaingia mahindi gani na huku ni msitu?"

Wepukhulu alishaniona. Alimnong'oneza Kipyegon jambo, akatangulia mbele kabisa, na Kipyegon akaja kukaa nyuma pamoja nami. Tukavuka mto kwenye mawe, maji yakiwa chini ya vifundo vya miguu, Kipyegon akinishika mkono. Halafu tukapanda.

Msitu ule ni baridi hata saa nne ya asubuhi. Kuna miti ya podo ambayo watu watano wakishikana mikono hawawezi kuizunguka. Mkwe wangu alizungumza siku nzima bila kugeuka. Aliitazama miti na kuongea kwa sauti kubwa kuliko ilivyohitajika kwa wale waliokuwa karibu naye, na nilichukua muda kuelewa kwamba sauti ile ilikuwa kwa ajili yangu mimi niliyekuwa nyuma. Alituonyesha hondohondo akiruka kwa kelele za mabawa. Alituonyesha tanuri la zamani la makaa, miche ikiota ndani yake. "Hii nilichoma mimi mwenyewe nikiwa kijana," akasema. "Hiyo miti pia nilipanda mimi." Hakuna aliyemlazimisha kusema hivyo.

Mahali fulani penye kuvumwani nyingi, ile mimea laini kama sifongo inayofunika ardhi, aliwaambia wanawake wabonyeze kwa kiganja. "Maji mnakunywa Bokoli inaanzia hapa," akasema. Nilingoja wote wapite, nikainama, nikabonyeza. Maji yakanijaa mkononi, safi kabisa. Nilimshukuru Mungu hapo hapo kwa sauti, na machozi yakanitoka, mimi nisiyelia ovyo.

Baada ya chakula Sellah, mwenzetu mnene mwenye viatu vya kanisani, aliteguka mguu. Kipyegon akamshika bega, wakatangulia kurudi polepole. Sisi tukabaki kutazama mbega, wale kima weusi wenye mikia myeupe, wakiruka juu yetu. Ghafla Wepukhulu akainua kidole, akasikiliza mlio wa mto.

"Akina mama, turudi sasa. Huko juu kumenyesha."

Hatukuona wingu. Tulinung'unika. Lakini tulipofika mtoni, mawe ya asubuhi yalikuwa hayaonekani ila mawili, na maji yalikuwa ya rangi ya chai ya maziwa. Gari letu lilikuwa ng'ambo. Kipyegon na Sellah walishavuka zamani, na simu hazikushika mtandao.

Wepukhulu akaingia majini mpaka mapajani. "Mtu moja moja," akasema. "Mnashika mimi, hamshikani nyinyi. Mmoja akianguka, asiende na mwenzake." Akawavusha, mkono kwa mkono, wa kwanza, wa pili, mpaka Everlyne. Kila aliyefika aligeuka kunitazama. Nilibaki peke yangu.

"Mama Nasimiyu, si umpe tu mkono, bana!" Everlyne akapiga kelele. "Mungu ataelewa!"

"Mungu ataelewa," nikajibu, "na mimi je?"

Maji yalikuwa yanapanda nikiyatazama. Nikikataa, ningebaki upande ule na mto ukizidi. Nikimpa mkono, ningeingiaje tena nyumbani kwa binti yangu? Ningekuwa nimevunja kwa dakika moja kile mama yangu alichokilinda maisha yake yote. Na kulikuwa na jambo jingine ambalo sikulisema: niliogopa kuokolewa na mtu niliyemdharau.

Wepukhulu alikuwa hatua nne kutoka kwangu, lakini alimwita Everlyne aliyekuwa ng'ambo. "Mwambie mama angoje kidogo!"

"Mama, ngoja kidogo!" Everlyne akanipigia kelele, kana kwamba sikusikia.

Wepukhulu akapanda ukingo wa upande wangu, akazama vichakani. Nikasikia panga, halafu kisu kikikwaruza haraka haraka. Akarudi na fimbo ndefu kama mtu mzima. Akaingia majini, akanipa mgongo, akaninyoshea fimbo kwa nyuma huku akiishika ncha yake kwa mikono yote miwili.

"Mwambieni ashike. Asiangalie maji. Aangalie shati yangu."

Nikashika. Nikaingia. Baridi ilinifika mpaka tumboni, na leso yangu ikavutwa na mto kama inadaiwa. Katikati, jiwe liligeuka chini ya mguu wangu nikateleza. Maji yakanifika kidevuni. Nilichokuwa nacho duniani wakati ule ni ile fimbo, na fimbo haikuteleza hata kidogo. Yeye hakugeuka. Alisimama kama nguzo, akavuta pumzi kwa nguvu, akangoja nipate pa kukanyaga, kisha tukaendelea, hatua kwa hatua, mimi nikitazama shati.

Nilipofika nchi kavu wenzangu walinikumbatia wakiimba. Yeye aliiweka fimbo kwenye majani, akaenda kutafuta gari. Niliiokota ili nijikongoje nayo, ndipo nikaona. Ncha yangu alikuwa ameimenya gome lote, laini kama mwiko. Muda ulimtosha kumenya upande mmoja tu. Ncha yake ilikuwa na miiba yake yote, na damu.

Niliipakata fimbo ile garini mpaka Bokoli.

Mwezi uliofuata wakaja kututembelea, yeye na Nasimiyu. Kwetu mkwe huchinjiwa kuku, na kwa miaka saba nilikuwa nikimwachia mke wa mwanangu afanye kazi hiyo. Safari hii nilimkamata jogoo wangu mkubwa, nikachinja, nikapika kwa mikono yangu, nikaitoa firigisi nzima, ambayo kwetu ni ya mtu wa heshima, na kuiweka juu. Nasimiyu akaipeleka sebuleni. Mimi nikabaki jikoni, ninapostahili kuwa.

Nikamsikia mkwe wangu akiuliza, "Nani amepika?"

"Mama mwenyewe."

Akaomba sala ya chakula ndefu kuliko ya mchungaji wetu.

Jioni walipoondoka nilisimama mlangoni pa jikoni, fimbo ile mkononi. Alivuka ua bila kugeuka, jinsi inavyotakiwa. Alipofika langoni aliinua mkono wa kulia juu, kiganja kikiwa kimeelekea kwangu, nikaona makovu.

Nami nikainua wangu, ingawa hakuniona.