Siku Niliyojiona Mmea

Ilikuwa Jumanne, saa nne na nusu asubuhi, tumetoka mapumzikoni na kuingia maabara. Mwalimu Rukia alitutaka kila mmoja akwangue shavu lake kwa ndani kwa kijiti, apake kwenye kioo, atie tone la iodini, kisha atazame seli zake kwa hadubini.

Nilipotazama zangu nikaganda. Zilikuwa na kuta kabisa, na ndani madoa ya buluu iliyokoza. Kitabu kinasema ukuta wa seli ni wa mimea, mwanadamu hana. Mimi huona haya hata kuitika "naam", basi nikakaa kimya nikiwaza mama atakavyolia.

"Zuhura, mbona machozi?" akauliza mwalimu.

"Nnaumwa, mwalimu," nikanong'ona. "Seli zangu si za mtu."

Akainama kwenye hadubini. Akatazama, mabega yakimtikisika.

"Mapumziko umekula nini, mwanangu?"

"Urojo."

"Wenye viazi?"

"Wenye viazi."

"Na mdomo hukusukutua. Basi huyu unayemlilia ni kiazi!"

Darasa zima likaangua kicheko, kisha wakapanga foleni kumtazama mgonjwa wangu. Mwalimu akasema hajapata kuona seli ya mmea nzuri kama ile.

Asubuhi ya pili nilisukutua mara tatu, nikaenda kumwomba mwalimu hadubini. Seli zangu zilikuwa laini, hazina ukuta wowote.

"Mwalimu, njoo uone!" nikaita, kwa sauti iliyofika mpaka uwanjani.