Mkono Uliojaribu Pomade za Mtaa

Juma hili, kwenye farmasi moja hapa Kindu, mama mzee wa mtaa wetu wa zamani alirudisha pomade ya vidonda, mimi nikiwa nyuma yake na ya aina hiyohiyo mkononi. Alipandisha mkono wa blauzi, akaonyesha kovu jeusi karibu na kiwiko.

"Hii iko na lanoline, mafuta ya manyoya ya kondoo. Ilishaniunguza wakati ya vita."

Muuza dawa, kijana mpole, akataka kujua ilikuwaje. Mama akanyoosha kifua. Mji ulipozingirwa, pomade zilifika moja moja, na ngozi yake ilikuwa nyepesi kuvimba. Basi mtaa mzima ulizipeleka kwake kwanza, zijaribiwe mkononi mwake.

"Mukono yangu ikikaa muzuri mpaka kesho, basi njo wanapakaa watoto."

"Lakini mama, alerji ya mutu moja haiko ya wote. Ingine inaweza kukuacha wewe, iunguze mwingine."

"Leo najua, mwanangu. Siku ile docteur alikuwa wapi? Mimi njo niliweka mukono!"

Akashusha blauzi taratibu, kama aliyetuonyesha nishani.

Kijana alisema kweli, na nilimwelewa vizuri. Hata hivyo, pomade ileile niliyokuwa nimeshika niliirudisha mezani. Kati ya watoto waliongojea mkono ule, mmoja nilikuwa mimi.