Picha ya Sebule Isiyo na Mtu

Mama yangu aliapa kuwa mguu wake hautakanyaga nyumba ya mume wangu, na mama hakuwa mtu wa kuapa kwa mchezo. Yeye alikaa ng'ambo ya mpaka, upande wa Rodesia, si mbali na Tunduma, na mimi nilikuwa binti yake wa pekee. Alitaka niolewe palepale karibu, kwa Wanamwanga wenzetu, ili apate mtu wa kumnung'unikia kila asubuhi. Mimi nikampenda Mnyiha wa Igamba, mkulima wa kahawa, mpole hadi anakera.

"Nenda," mama aliniambia. "Nenda kaongee Kinyiha na mibuni yako. Mimi huko hutaniona."

Basi, hakuja. Nilizaa, hakuja. Nikazaa tena, hakuja. Ni mimi niliyekwenda kwake na mtoto mgongoni, na kila nikimwambia njoo uone ninapoishi, alianza kukoroga sufuria ambayo haikuwa na haja ya kukorogwa. Nilimpenda sana yule mwanamke, na aliniudhi kuliko mtu yeyote duniani.

Mwaka mmoja, enzi hizo za Mwingereza, kahawa ilikubali kwelikweli, tukajenga nyumba ya matofali ya kuchoma na kuiezeka bati. Mume wangu akasema, "Mama watoto, nje ni kwangu, ndani ni kwako. Sitatia mdomo." Neno hilo nililishika. Sebule niliiwekea sakafu ya saruji. Kuta sikutaka chokaa ya dukani. Nilishuka bondeni nikachimba udongo mweupe, nikatafuta mwekundu, na mweusi nikautengeneza kwa masizi, kisha nikachora pembetatu zinazofuatana kuta zote nne, kwa vidole, bila rula wala kamba, vile mama alivyonifundisha nikiwa msichana. Seremala akachonga viti, meza na kabati la vioo. Vitambaa nilivifuma mwenyewe.

Kazi ilipokwisha nilisimama mlangoni nikalia, sioni haya kusema. Chumba kilikuwa kizuri, na aliyenifundisha hakioni. Ndipo nikaamua: kama yeye haji, sebule itamwendea. Itakwenda kwa picha.

Pale Tunduma kulikuwa na mpigapicha, rafiki wa mume wangu, aliyejifunza kazi huko kwenye migodi ya shaba akipiga picha nyumba za mabwana wakubwa. Alikuja na lori, na kamera yake ya sanduku, miguu mitatu na kitambaa cheusi cha kujifunika kichwa. Aliingia sebuleni, akazunguka, akainama, akainuka.

"Shemeji," akasema, "chumba kizuri sana. Ila kimeshiba mno. Tukipunguze."

"Tupunguze nini?"

Alikuwa ameshaanza kutoa. Alitoa kalenda ukutani. Alitoa vitambaa nusu nzima, eti vinapiga kelele. Nikamwambia kitambaa hakina mdomo, mwenye kelele ni yeye. Mume wangu alikuwa amesimama kibarazani akiangalia kahawa yake kana kwamba hajawahi kuiona. Alikuwa ameahidi hatatia mdomo, na siku hiyo, siku niliyokuwa namhitaji, akaitimiza ahadi!

Kisha nikawaleta watoto. Nilikuwa nimewaogesha na kuwapaka mafuta, na mimi mwenyewe nimevaa gauni jipya.

"Hapana, shemeji. Watu hawamo."

"Hawamo kivipi? Nyumba ina wenyewe!"

Akanieleza kwa upole kuwa ndani mna giza, kwa hiyo jicho la kamera lazima liachwe wazi muda mrefu, na mtu akijitikisa kidogo tu anatoka kama moshi. Watoto wangu walikuwa hawatulii hata usingizini. Halafu akaongeza, "Tena picha ya chumba ni ya chumba. Mtu akiingia, macho yote yanamkimbilia yeye, kazi yako nani ataiona?" Hapo akanimaliza. Nilitaka mama aione kazi yangu.

Kuhusu mwanga, lo, huyo bwana alikuwa na akili. Alichukua mabati yaliyobaki tulipoezeka, akawapanga majirani uani, kila mmoja na bati lake, wakaliinamisha ili jua lipige bati na kuingia dirishani. "Shusha kidogo! Wewe mzee, usicheke, bati linatikisika!" Watu wanacheka mbavu hawana. Lakini mwanga ulipoingia, zile pembetatu zangu zikajitokeza ukutani kama sijawahi kuziona.

Akalifungua jicho la kamera. Mimi nilikuwa mlango wa nyuma nimekatazwa hata kupumua. Nikaangalia mezani, nikaona kitambaa kimepinda. Upande mmoja umening'inia, upande mwingine umepanda. Nilivumilia. Nikawaza mama atakavyosema: hata kutandika meza hajui. Nikashindwa. Niliingia, nikasimama nikakinyoosha pembe kwa pembe, nikatoka mbio.

"Shemeji, umeniua!" alipiga kelele ndani ya kitambaa chake cheusi. Kioo cha pili cha kunasia picha kilikuwa kimevunjika njiani kwenye lori, kwa hiyo hakuwa na kingine. Mpaka leo nasema kile kitambaa kilikuwa kimepinda.

Picha iliposafishwa, kila kitu kilitoka safi, kuta, viti, kabati. Ila karibu na meza kulisimama ukungu mweupe, wima, urefu wa mtu. Mpigapicha alitaka kurudi apige upya. Nikakataa, kwa sababu binamu yangu aliyeuza samaki wakavu alikuwa anavuka mpaka wiki hiyohiyo. Nikamwambia, "Mpe mama mkononi. Mwambie mwanao anakusalimu, hii ndiyo sebule yake, ameichora kama ulivyomfundisha."

Binamu alifika Tunduma akapata wateja. Picha akampa mtu mwingine aliyekuwa anaelekea kwetu, na zile salamu akasahau kumpa. Picha ikamfikia mama bila neno hata moja.

Siku chache baadaye nilikuwa uani naanika kahawa, nikasikia kilio kinatoka barabarani. Kilio cha msiba hakifanani na kingine. Nikajifunga kanga, nikakimbilia huko, na kwa kuwa sikujua ni nani aliyekufa, nilianza kulia njiani ili nisifike macho makavu. Nikaona kundi la wanawake, na mbele yao mama yangu, kichwa wazi, miguu ina vumbi, picha mkononi, analia akitaja jina langu.

"Mayo!" nikamwita mama kwa Kinamwanga. "Mayo, nani amekufa?"

Akasimama. Akanitazama kuanzia miguuni kupanda juu.

"Wewe," akasema.

Alinifinya mkono hadi nikaruka. Alipohakikisha nina nyama, alinivua kanga akanichapa nayo, akinitukana kwa Kinamwanga matusi ambayo siwezi kuyaandika hapa, kisha akanikumbatia nikashindwa kupumua. "Viti vitupu! Hakuna mtoto, hakuna hata kuku! Na kivuli chako kimesimama peke yake mezani! Ulitaka nielewe nini?" Wale waliokuja kunizika walikaa chini barabarani, wengine wanacheka, wengine bado wanalia maana walishaanza.

Mama akaenda moja kwa moja hadi nyumbani, akapita mlango, akaingia sebuleni. Aligusa ukuta. Akafuata pembetatu kwa kidole mpaka kona, polepole.

"Huu weusi umeutia masizi kidogo," akasema.

Kisha akakaa sakafuni, na sasa akalia kweli, bila sauti. "Njia nzima nilikuwa nasema, kaburi lake nitaonyeshwa, na mlango wake sikuwahi kuujua. Kwa ajili ya mdomo wangu." Nikakaa naye palepale chini, nikamshika. Nilifurahi hadi kifua kikauma.

Mume wangu alikuwa amefika. Alichuchumaa nje ya mlango, akipiga makofi taratibu kumwamkia mkwewe kwa heshima, wala hakuthubutu kuingia. Miaka yote hiyo mama hakuwahi kumwita kwa jina lolote zaidi ya "huyo". Alisikia makofi, akafuta uso kwa ncha ya nguo.

"Mwambie mkwe wangu aingie," akasema. "Nyumba ni yake. Mgeni ni mimi."