Chuma cha Baba Ethel

Jirani yangu Sijaona ndiye aliyeniletea habari. Tulikuwa tunapanda mlima wa Newala na mitungi kichwani, Priska wangu mgongoni, akasema, "Mama Priska, yule Baba Ethel wenu wa kwa Mzungu anatambikia chuma! Kila asubuhi anakimwagia maji. Maji, mwenzangu! Haya haya yanayotuvunja shingo!"

Niliudhika. Sisi tunateremka bondeni kabla hakujakucha, tunarudi jua limeshawaka, halafu mtu mzima anayamwaga chini?

Baba Ethel, jina lake Kasiani, alikuwa mtunza bustani pale nilipokuwa nikisafisha nyumba. Ujanani alijifunza kazi ya umeme kwa mafundi wa misheni upande wa Ndanda, ila cheti hakupewa. Nyumba yenyewe kuukuu, ilijengwa kabla ya vita na mfanyabiashara aliyekwisha rudi kwao. Mwaka wa 1954 bwana mpya alikwangua chokaa ukutani, akakuta swichi za shaba zimefichwa chini yake, na nyaya zilizovikwa kitambaa. Alifurahi kama kaokota dhahabu. Akaleta mashine ya umeme, akaziunganisha vile vile zilivyo. Mimi akanipa kazi ya kuzisugua kila Alhamisi alasiri, zing'ae, wageni wake wazione.

Nilizisugua kwa ndimu na majivu. Siku nyingine mkono uliniwasha hadi kiwikoni, kama nimepita kwenye upupu. Nikadhani ni ndimu.

Asubuhi moja nilimkuta Baba Ethel nyuma ya nyumba, kainama, kopo mkononi.

"Shikamoo, Baba Ethel."

"Marahaba, mama."

"Huko bondeni wanasema unatambika."

Akacheka. "Ningekuwa natambika ningemwaga pombe, si maji yangu ya kuoga."

Ndipo nilipoitazama miguu yake. Imepauka, vumbi la siku nyingi. Nami siku zote hizo nilimwona mchafu tu.

Akanionyesha waya ulioshuka ukutani, umefungwa kwenye chuma kilichopigiliwa ardhini. "Nyaya za mle ndani kitambaa chake kimeliwa," alisema. "Umeme unavujia kwenye shaba. Waya huu unauteremsha ardhini. Lakini mchanga wetu ukikauka hivi haupokei, umeme unabaki pale pale kwenye swichi. Sasa niambie, ni nani anayezishika na mikono mibichi?"

Priska alikuwa ananivuta kanga mgongoni.

Bwana alikwisha kuambiwa hatari hiyo mara tatu. Mara ya nne nilikuwapo, ilikuwa Alhamisi. Baba Ethel alizima mashine, akafungua kifuniko kimoja amwonyeshe nyaya zilivyo uchi. Bwana akaja juu. "Wewe fundi? Cheti wapi? Hii kitu ya zamani, hata Ulaya hakuna! Wewe haribu!"

Hakuchungulia ndani hata kidogo. Alichokitazama ni mkwaruzo kwenye shaba, mdogo kama ukucha wa mtoto. Akaupapasa kwa kidole, akaihurumia shaba yake, kisha akamfukuza mwenzetu saa ile ile. Mtu aliyeacha kuoga ili tusife, huku juu aitwe mharibifu, kule bondeni aitwe mchawi! Shaba ionewe uchungu, mimi na mwanangu je? Maneno yalinijaa kinywani, nikayameza, nimesimama na kitambaa kinachochuruzika. Hilo nalo linaniuma mpaka leo.

Nilimfuata hadi langoni. Alikuwa amebeba jembe lake na kile kikopo.

"Nitaacha kazi," nikamwambia.

"Utakula nini? Baba Priska hajarudi kutoka mkongeni." Akanipa kikopo. "Mama Priska, najua maji haya mnavyoyapata, naona aibu kukuomba. Lakini kila siku kabla hujaingia, kimwagie kile chuma kopo moja. Na Alhamisi, mtoto mshushe mgongoni kwanza, umlaze mbali."