Fundi Anayerudisha Kelele

Asubuhi hii fundi amelala chali chini ya gari la muuza mayai, anatoa kitu alichokiweka mwenyewe. Miguu tu ndiyo iko nje, viatu vimelika visigino. Mwenye gari, mama mwenye sauti ya sokoni, amesimama pembeni na trei tupu mkononi.

"Mwaka jana nilikulipa ukaniondolea lile goma la gurudumuni," anasema. "Leo unalirudisha?"

"Nalirudisha, mama."

"Na hili nalo nalipia?"

"Hapana. Hili ni langu."

Anachokitoa ni kipande cha tairi kuukuu, kimekatwa kwa kisu na kulowa grisi nyeusi. Anakitia kwenye kopo la maziwa ya unga analotembea nalo, ambalo limeshajaa nusu. Kisha anashika gurudumu la mbele kwa mikono miwili, analitikisa, na ndani inasikika sauti: ngo, ngo.

"Umesikia? Hivyo ndivyo lilivyo gari lako. Usiliendeshe tena mpaka wakala wa kampuni aje alivute."

Mama wa mayai anashika kiuno. "Na mayai yangu niyabebe kichwani?"

Fundi anaomba radhi mara ya tatu, anafuta mikono kwenye ovaroli na kupanda baiskeli. Wahenga walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Zamani wateja walimfuata gereji. Siku hizi yeye ndiye anayebisha hodi milangoni mwao.

Mtaani wanamwita Kimya. Si kwamba hasemi, maana akianza habari za kandanda utakimbia wewe. Jina alipewa kwa sababu gari liliingia kwake likigonga, likatoka limenyamaza. Gereji yake ni paa la mabati juu ya nguzo nne, shimo la kukagulia magari na ukuta mmoja. Kwenye ukuta huo kulikuwa na maandishi mekundu: KELELE ZOTE ZINAISHIA HAPA. Ameyapaka chokaa, lakini chokaa ni nyepesi na ukisogea karibu bado unayasoma.

Umaarufu wake ulitokana na gari la aina moja, dogo, la bei nafuu, kipenzi cha watu wa mshahara mdogo. Kwenye mguu wa mbele wa gari kuna kiungo ambacho mafundi hukiita boljointi. Kiungo hicho hubeba uzito wa gari na papo hapo huliacha gurudumu ligeuke dereva anapokata usukani. Kikilegea, hugonga. Kipya ni cha kuagiza, na bei yake humfanya mtu avumilie kelele.

Kimya akabuni njia yake. Alifungua kifuniko cha kiungo, akakandika grisi, akashindilia kipande cha tairi kwenye uwazi, akafunga kwa waya. Kelele zikaisha.

"Gari moja lilinipa chakula cha nyumbani cha siku mbili," anasema. "Na mteja aliondoka anacheka. Nikajiona daktari. Kumbe mgonjwa alikuwa anapiga kelele, na mimi nilikuwa namziba mdomo."

Miezi michache iliyopita redio ikatoa tangazo. Kampuni iliyotengeneza magari hayo ilikuwa inayaita yote yarudi kwa mawakala wake. Boljointi zilitoka kiwandani na kasoro. Zingeweza kuchomoka gari likiwa mwendoni, gurudumu likalala na usukani ukabaki unazunguka bure. Dalili ya kwanza, mtangazaji akasoma, ni kugonga chini ya miguu ya dereva barabara ikiwa mbovu.

Kimya alilisikia tangazo hilo akiwa shimoni, kisu mkononi, anakata mpira.

"Nilimaliza lile gari," anamwambia mwandishi wa habari hii, na hapa anatazama pembeni. "Andika hivyo hivyo. Nilisikia, nikamaliza, nikapokea hela."

Balaa halikuishia hapo. Vipuri vipya vilikuwa vichache, kwa hiyo kwa wakala kila gari lilinyanyuliwa na gurudumu lake kutikiswa kwa mkono. Lililolegea lilibadilishiwa kiungo siku hiyohiyo. Lililokaza lilibandikwa stika ya kijani kwenye kioo, likaambiwa lisubiri zamu yake. Magari yaliyopita kwa Kimya yalikaza kuliko mapya. Yakarudi barabarani na stika zao, wenyewe wakiwa wametulia kabisa.

Gari la muuguzi mmoja lilikuwa na stika hiyo siku gurudumu lake lilipolala langoni mwa hospitali, akikata kona polepole kuingia zamu. Hakuumia. Aliokota kipande cha mpira kilichodondoka, akakipeleka gereji na kukinyoosha mbele ya wateja waliokuwapo.

"Aliniuliza taratibu tu, 'Fundi, hiki ni cha kwako?' Nikasema si changu." Kimya anatazama viganja vyake. "Nikasema si changu, na mkono wangu una grisi ileile."

Muuguzi hakubishana. Alikiweka kwenye meza ya spana, akaondoka kwa miguu. Jioni hiyo Kimya alimfuata nyumbani akakiri akiwa bado mlangoni. Yule muuguzi alimkaribisha ndani, akampa maji ya kunywa. Kimya anasema ni heri angemtukana.

Kipande hicho ndicho cha kwanza kuingia kwenye kopo. Tangu hapo anawazungukia wateja wake mmoja mmoja, akiwakumbuka kwa sura na kwa mageti ya nyumba zao. Wapo wanaomshukuru, wapo waliomfukuza kama mwizi. Kazi mpya haziji. Nyumba inaendeshwa na cherehani ya mkewe, anayeshona sare za shule.

Lakini lilikuwapo gari moja alilolikwepa siku zote: la mkwe wake.

Mkwe huyo ni dereva mstaafu aliyetumia ujana wake kuwaendesha wakubwa. Posa ya Kimya ilipofika, aliuliza kama binti yake amekosa mwanamume mwenye kucha safi. Kwa miaka mingi alimwita "huyo bwana". Ndipo gari lake likaanza kugonga, mafundi wengine wakamzungusha weee, na Kimya akalinyamazisha kwa nusu saa. Siku hiyo "huyo bwana" akawa "fundi wangu". Mzee akimpa mtu lifti, humwambia, "Sikiliza. Unasikia kitu?"

Na ndani ya gari hilo, kila asubuhi, babu aliwapeleka shule mabinti wawili wa Kimya.

Fundi angeweza kusema ukweli kwa sentensi moja. Badala yake alimwambia mzee kwamba siku hizi inashauriwa watoto watembee, kutembea ni mazoezi. Kesho yake akawapakia wote wawili kwenye baiskeli. Mazoezi gani hayo, hata mwandishi wa habari hii alishindwa kuelewa. Mzee naye si mtoto. Asubuhi moja aliwapita njiani na gari tupu, akapunguza mwendo, akawatazama, akaenda zake.

"Baba," binti mkubwa akauliza kutoka nyuma, "kwani babu tumemkosea nini?"

Mkewe alipojua, hakupandisha sauti. Anasimulia huku mguu wake ukiendelea kukanyaga cherehani. "Nikamwambia, baba watoto, umekwenda kwa watu baki wote, baba yangu umemruka. Mficha maradhi kifo humuumbua. Ila safari hii atakayekufa siye aliyeficha."

Jumamosi Kimya anakwenda. Ameomba mwandishi aandamane naye, "ili nikitaka kugeuza njia, nione haya". Mzee yuko uani anafuta kioo cha gari, na stika ya kijani inang'aa.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Leo mazoezi yamewaishia?"

Kimya anapewa kiti, hakikalii. Anaeleza akiwa amesimama, macho kwenye vidole vya miguu yake. Mzee anamsikiliza huku kitambaa kikiwa kimetulia juu ya kioo, kisha anagonga stika kwa kidole.

"Waliolitengeneza wamesema zima. Wewe unasema bovu?"

"Walilitikisa, baba. Halikulegea kwa sababu nimelishindilia mpira."

"Na tangazo lilipotoka, wajukuu wangu waliendelea kupanda humu?"

"Waliendelea."

"Na wewe ukijua."

"Nikijua, baba. Wiki nzima."

Aibu ya mtu mzima mbele ya mkwewe haina pa kutazama, na hata mgeni aliyekuja na kalamu anajikuta anasoma namba ya gari mara mbili.

"Leta jeki," mzee anasema.

Kazi haichukui muda. Kipande cha tairi kinapodondoka, Kimya anataka kushika gurudumu, lakini mzee anamsogeza kando. Anapiga magoti kwenye vumbi na suruali yake ya kunyooshwa, analishika mwenyewe, analitikisa. Ngo, ngo. Haliachii.

"Nimeendesha magari maisha yangu yote," anasema, akiliambia gurudumu zaidi kuliko watu. "Gari haliponi kwa nusu saa. Nilijua. Lakini nilishakusifia kwa kila mtu, ningeanzia wapi?"

Kimya anainamisha kichwa. Mzee anajipangusa magoti muda mrefu kuliko vumbi lilivyohitaji.

"Jumatatu nenda kwa wakala na hilo kopo," anasema mwishowe. "Waambie kutikisa hakutoshi."

"Watanicheka, baba. Wanaweza hata kunishtaki."

"Wanaweza. Nenda."

Jumatatu asubuhi Kimya amevaa ovaroli iliyofuliwa. Anataka mawakala wafungue kila gari lenye stika, yakiwamo yale ambayo hayakupita kwake, kwa maana anajua mafundi wenzake kadhaa waliomwiga. Wakimwacha huru, ataomba ajifunze kufunga kiungo kipya inavyotakiwa. "Wakisema nifagie karakana yao huku natazama, nitafagia," anasema. Ukutani kwake ataandika nini baada ya hapo, bado hajui.

Anasukuma baiskeli hadi getini ili kwanza awapeleke watoto. Nje amesimama mkwe wake, kwa miguu, na viatu vya raba ambavyo hajawahi kuonekana navyo.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba." Mzee anapokea mikoba ya shule, anawashika wajukuu mikono, mmoja huku, mwingine huku. "Nimeambiwa kutembea ni mazoezi."

Kimya anatazama chini, na anabaki hivyo mpaka watatu hao wamekata kona. Kisha anafunga kopo lake kwenye karia ya baiskeli na kushika njia ya kwa wakala.