Siku mama mkwe alikalia supu ya minji na mimi nikashindwa kumwambia atoke

Wakuu, salamu kutoka Kiirua, huku juu kwa baridi. Mimi ni mzee, masomo niliachia standard three, mkiona makosa rukeni. Lakini hii mambo ilinifanyikia mimi mwenyewe, miaka ya tisini, na bibi yangu bado yuko hai, nikiongeza chumvi atanikosoa.

Bibi yangu ni Mama Kendi. Ni mtu wa Ishiara, chini kule kwa joto. Nilimpata nikipeleka viazi huko. Hiyo ni thread yake, tuiache.

Sasa, mwaka huo alishikwa na typhoid. Dispensary wakasema asile kitu ngumu, ni supu laini tu.

Mke wa ndugu yangu akaleta uji siku mbili, ya tatu akaenda kuvuna viazi yake. Majirani wakaleta githeri, mahindi na maharagwe. Githeri, wakuu, kwa mtu wa typhoid. Mama Kendi aliiangalia akageukia ukuta. Siku mbili hakuna kitu imepita mdomoni isipokuwa maji. Mashavu yameingia ndani.

Na kwetu mwanaume ametahiriwa haingii jikoni. Akionekana na mwiko, wazee watamtajia hiyo mwiko mpaka siku ya mazishi yake.

Lakini Mama Kendi alikuwa na sanduku.

Women group yao walikuwa wamefundishwa. Unachukua sanduku ya mbao, unajaza majani makavu ya ngano, unaacha shimo katikati. Sufuria ikichemka unaitumbukiza hapo, unafunika na mto. Chakula inajipika pole pole bila moto. Mimi niliicheka hiyo sanduku mwaka mzima.

Siku hiyo ndiyo niliona akili yake. Haina moshi. Nani atajua?

Minji kavu, wengine mnaita njegere, nilikuwa nayo gunia. Jioni nikaponda kwa jiwe ikapasuka mbili mbili, nikapeperusha maganda, nikaloweka. Asubuhi kabla majirani waamke nikachemsha kwa stove ya mafuta taa, hapo hapo bedroom. Nikaweka mfupa wa nyama, kitunguu, karoti, kiazi moja. Dakika ishirini. Nikaingiza kwa sanduku, nikafunika, juu nikatandika shuka ya maua ndiyo ikae kama furniture.

Halafu nikaenda kukaa nje kama mwanaume.

Saa sita mama mkwe akatokea. Habari ya ugonjwa ilikuwa imefika Ishiara.

Wakuu wa mbali, mjue kwetu mama ya bibi yako humwangalii machoni. Humpi mkono. Humwambii kaa hapa ama toka hapo.

Akaingia kwa mgonjwa akitetemeka, baridi ya huku haijui wageni. Kulikuwa na stool mbili. Akazipita. Akagusa ile shuka ya maua, akasikia joto kidogo, akakaa.

Kwa supu.

Akakaa saa nzima, Mama Kendi homa imemlaza, hana habari. Mimi nimesimama mlangoni naangalia gumboots zangu. Ya kushoto ilikuwa na kiraka, nilikuwa sijawahi kuiona vizuri.

"Baba Kendi," akasema akiangalia ukuta. "Tangu nishuke stage naangalia hii boma. Sijaona moshi."

"Ndiyo, mama."

"Majivu ya jikoni ni baridi. Nimeweka mkono."

"Ndiyo, mama."

"Basi mtoto wangu naenda naye. Kuna gari ya saa nane. Kwetu mvua hatuna, lakini moto tunawasha."

Nikafikiria wazee. Nikafikiria hiyo kitanda ikibaki tupu. Nikaambia gumboots, "Mama, umekalia chakula."

"Nimekalia nini?"

"Supu ya minji."

"Na nani amepika?"

Hapo wakuu nilitafuta jina ya mwanamke yeyote. Sikupata.

"Ni mimi."

"Na umeniacha nikalie chakula ya mgonjwa saa nzima?"

"Ningekutoaje, mama?"

Akainuka pole pole. Akatoa shuka, akatoa mto, akafunua. Mvuke ikampiga uso. Minji imeyeyuka yote, nyama imeachana na mfupa. Akaonja.

"Chumvi kidogo."

Hiyo tu. Akamimina kwa kikombe, akainua kichwa ya msichana wake. Mama Kendi alikunywa yote, akauliza kama iko ingine.

Gari ya saa nane ikaenda bila wao.

Mama mkwe alikaa mpaka mgonjwa akaanza kutembea. Siku ya kurudi kwao, msichana wake alimwacha kwangu. Sanduku ndiyo alibeba, na majani ya ngano yote. Ishiara na ile joto yake, sijui alitaka ya kupika ama ya kukalia. Ningemuulizaje?

Nilichojifunza: ukifanya jambo nzuri kwa siri sana, siku ya kuulizwa utakosa shahidi. Washa moto, moshi ionekane.

Na wewe, muthoni wako, yaani mkwe, amewahi kukalia nini ukanyamaza? Andika hapo chini.

Wazee wa Kiirua mlio humu, hiyo ya mwiko nimejisemea mwenyewe. Sasa mazishini mtafute ingine.